Kuku Jua Linapotua: Namna ya Kuwazoeza Vifaranga Kulala Kizimbani

Wahenga wetu walisema kuwa mwana wa kuku hafunzwi kuchakura, na neno hili ni la kweli. Kifaranga aliyetoka yaini jana, hata awe ametotolewa kwa mashine wala hakupata kumwona mama yake, hudonoa punje na kuparua ardhi bila ya kuonyeshwa na mtu. Mwaka 1873 Mwingereza mmoja, Douglas Spalding, alieleza majaribio yake juu ya jambo hili. Aliwafunika vifaranga macho mara walipototolewa, akawaweka hivyo siku moja, au mbili, au tatu, kisha akawafunua. Akaona kuwa muda si muda wanadonoa kwa shabaha, kana kwamba wamekuwa wakiona tangu mwanzo.

Walakini wahenga hawakusema kuwa mwana wa kuku hafunzwi kulala. Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea, nasi twaona yafaa mwezi huu kulieleza jambo hili kwa urefu, maana ni nyumba nyingi mno ambazo kila siku, adhana ya magharibi ikikaribia, watoto huonekana wakikimbizana na kuku uani kwa fimbo na makelele, mama anaita huku, kijana anarusha mawe kule, na mwisho kuku wamo juu ya mwembe na watu wamechoka, na wakati wa sala unawapita.

Katika kulala kwa kuku mna mambo mawili: wakati na mahali. Wakati, kuku ameumbwa nao. Jua likianza kuinama yeye huacha kuzurura, hula haraka haraka kujaza kibofu chake cha koo, kisha hutafuta pa kulala. Na jambo hili halihitaji mwalimu. Mahali, la. Mahali hujifunza. Wazazi wa kale wa kuku wetu ni kuku-mwitu wa misitu ya Bara Hindi na nchi zilizo mashariki yake, ambao mpaka leo hulala juu ya matawi, mbali na wanyama wapitao chini. Basi ukimwacha mtetea achague mwenyewe, atafanya kama walivyofanya wazee wake: atapanda mti. Si ukaidi wala si ubishi, na kumpiga kwa ajili hiyo ni kumpiga kwa jambo asilolijua.

Hatari yake ni kubwa, kwa sababu kuku ni hodari wa kuona mchana, bali usiku ni kama kipofu. Jicho lake limeumbwa kwa mwanga, hata hupambanua rangi ambazo sisi wanadamu hatuzioni kamwe. Lakini giza likishika, hawezi hata kujua tawi la pili liko wapi. Msituni, miti ni mingi na mirefu, na kuku-mwitu ni mwepesi wa kuruka. Katika viunga vyetu mwembe ni mmoja, na fungo anaujua, na kanu anaujua, na paka-mwitu anaujua. Akishapanda mmoja wao, kuku hakimbii, maana hana pa kukimbilia, hungojea kuchukuliwa. Asubuhi mwenye nyumba huona manyoya chini ya mti, akasema kaibiwa na watu. Tena iko mvua ya masika, ambayo huwanyea vifaranga walioanza tu kuota manyoya, wakapata baridi na kufa.

Na jambo jingine, ambalo halikumbukwi sana: kuku alalaye mtini hachanjwi. Kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, ndicho kiuacho kuku wa kienyeji kwa wingi kuliko ugonjwa mwingine, nacho kikishaingia hakina dawa. Kinga yake ni chanjo ya tone moja tu la jicho, irudiwayo kila baada ya miezi mitatu au minne. Lakini tone hilo lataka kuku akamatwe mkononi, mmoja baada ya mmoja. Aliye kizimbani hukamatwa alfajiri bila taabu. Wa mwembeni atakamatwa na nani?

Sasa tutazame namna ya kuwafunza.

Vifaranga walioatamiwa na mama yao hawana haja ya somo lolote wakingali wadogo, kwani hulala alipolala yeye, chini ya mabawa yake. Kwa hiyo, wa kufunzwa ni mama. Ukimpa mahali pa kuatamia ndani ya kizimba, au karibu nacho, wanawe watakijua kizimba hicho kabla ya kujua kitu kingine. Shida huja pale anapowaachisha, baada ya miezi miwili hivi na pengine kabla. Yeye hurudi kulala juu pamoja na wakubwa wenzake, nao hubaki chini wakilia na kujibanza katika kipembe cha jiko au nyuma ya pipa la maji. Siku hizo chache ndizo za kuangalia sana. Wakiachwa wachague, huchagua pabaya, na baada ya wiki mbili tabia imekwisha shika.

Ama wale wa kununua, waliototolewa kwa mashine, hao hawana mama wa kuwaongoza, na mwenye kuwafuga ndiye mama. Wiki ya kwanza wataka joto la digrii 32 hadi 35, kisha hupunguzwa kidogo kidogo kila wiki, mpaka wanapoota manyoya kamili, kiasi cha wiki ya sita. Hao ndio wafunzwao kutoka chumba cha joto hadi kizimba, na ndio wenye desturi moja ya hatari: giza likiwakuta mahali wasipopazoea, hukimbilia pembe moja na kulaliana, hata walio chini wakafa kwa kukosa pumzi. Usiwahamishe jioni. Wahamishe asubuhi, wapate mchana mzima wa kupaona.

Wahenga wana neno jingine, nalo ndilo msingi wa mafunzo yote haya: kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Watu siku hizi hulitumia neno hili kwa wanadamu, lakini asili yake ni kazi ya kweli ya nyumbani, kwani kuku aliyeletwa kutoka sokoni hufungwa kamba siku kadhaa mpaka apazoee. Hekima ni ile ile, ijapokuwa kamba yenyewe si nzuri, maana huumiza mguu na kumwacha mnyonge mbele ya paka. Badala ya kamba, tumia mlango. Waingize mitetea na mapora wako kizimbani, uwafungie mchana na usiku kwa muda wa siku 5 hadi 7, bila kuwatoa hata mara moja. Wale humo, wanywe humo, walale humo. Katika siku hizo kuku hujifunza jambo moja tu, kwamba usiku humkuta hapa.

Lakini hapa twataka kusema na vijana wetu, ambao aghalabu ndio waachiwao kazi hii. Kuku aliye huru akikosa chakula nyumbani, atakipata jalalani. Akikosa maji, atayapata mferejini. Kuku uliyemfungia hana ila wewe. Nyote mmesoma madrasa habari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie mwenyewe, nayo ni hadithi sahihi iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Basi mwenye kutia komeo katika mlango wa kizimba amejitwika dhamana. Maji yabadilishwe asubuhi na alasiri, na katika miezi ya joto hata mara tatu. Na chakula kisiwe makombo tu yaliyochacha, bali pumba, chenga, na majani mabichi kidogo. Anayejua kuwa kesho atasafiri, wala hana wa kumwachia kazi, asianze leo.

Siku ya sita au ya saba wafungulie, lakini si asubuhi. Wafungulie jioni, saa moja tu kabla ya jua kutua, tena kabla ya kuwapa chakula chao cha jioni. Watatoka kwa woga, watachakura karibu na mlango, wala hawatakwenda mbali, kwa kuwa wana njaa na jua limekwisha inama. Ikikaribia saa 12, gonga kopo lile lile ulilokuwa ukiwaletea chakula siku zote walizofungwa, ukamwage punje ndani ya kizimba, si nje. Wengi wataingia wenyewe. Siku ya pili uwatoe mapema zaidi kidogo, na ya tatu zaidi, mpaka baada ya wiki watoke asubuhi kama kawaida. Usibadili kopo wala mwito. Kuku si mjinga kama watu wadhanivyo, bali hujifunza kwa kurudiarudia, nasi ndio wavivu wa kurudia.

Vitabu vingine vya ufugaji vimeandikwa kwa ajili ya nchi za baridi, navyo husema mengi juu ya kubadili saa za kufunga kuku kila msimu. Huko ni lazima, kwani London mwezi wa Juni jua hutua baada ya saa 3 usiku, na mwezi wa Desemba hutua kabla ya saa 10 jioni. Sisi wa pwani hii twaishi karibu na mstari wa Ikweta. Mwaka mzima magharibi yetu haihitilafiani hata kwa saa moja. Hii ni neema kwa mfugaji. Ila ina upande wake wa pili: jua letu likishatua, giza huingia upesi, na kuku aliyechelewa hana nafasi ya kujirekebisha. Kazi yote ya jioni na iishe kabla ya adhana, si baada yake.

Usiku wa kwanza na wa pili wapo watakaokataa, wakajibanza nje ya mlango au juu ya paa la kizimba. Msiwakimbize! Kuku aliyekimbizwa kwa fimbo mpaka kizimbani hajajifunza kuwa kizimba ni nyumba yake. Amejifunza kuwa jioni ni wakati wa kupigwa, na kesho ataanza kukimbia mapema zaidi. Ngojeni giza liingie. Hapo kuku huwa mtulivu kwa sababu haoni, na mtu mmoja mwenye taa ndogo aweza kumkamata kwa mikono miwili, akiyabana mabawa yake taratibu, akamweka ndani juu ya fito. Fanyeni hivyo kila usiku kwa wale wale. Wengine huelewa kwa siku tatu, wengine kwa wiki mbili, na katika kila kundi yuko mmoja ambaye atawachosheni kuliko wote.

Yule azoeaye kupaa mtini, mkate manyoya marefu ya bawa moja tu, yale kumi ya nje, kwa mkasi, mahali ambapo unyoya umekauka na hauna damu. Haumii, kama wewe usivyoumia kwa kukatwa nywele, na manyoya yataota tena atakapopukutisha. Kwa bawa moja fupi na moja refu hupoteza mizani yake na kuacha kupaa juu.

Ikiwa umefanya yote haya na bado kuku hawataki kuingia, acha kuwalaumu, ukakitazame kizimba. Mara nyingi kuku ndiye mwenye haki. Piga magoti jioni, utie kichwa chako mlangoni. Je, ni giza tupu humo ndani ilhali nje bado kuna mwanga? Kuku haingii mahali asipopaona. Fungua nafasi ndogo juu, chini ya paa, uiwambe wavu wa waya, au tundika taa ndogo ndani mpaka waingie, kisha uizime. Je, macho yako yanawasha kwa harufu ya mavi? Na yao yanawasha, tena wao hukaa humo saa 12. Je, ni padogo? Kuku wakubwa watano au sita kwa mita moja ya mraba watosha, na kila mmoja apate kiasi cha sentimita 20 juu ya fito. Fito ya mita mbili, basi, huchukua kuku kumi. Fito ziwe nene kiasi cha sentimita 5, zimelainishwa kingo, na za vifaranga ziwe chini ili wajifunze kupanda.

Kisha tazama utitiri. Huyu mdudu ndiye adui asiyeonekana, kwani mchana hujificha katika nyufa za miti na usiku hutoka kunyonya damu. Kuku aliyeliwa na utitiri usiku kucha, jioni ya pili hukiona kizimba kama gereza, akachagua mti. Usiku chukua kitambaa cheupe, ukipitishe chini ya fito. Kikitoka na madoa mekundu, umekwisha mjua mwizi wako. Toa vyombo vyote juani, mwagia nyufa maji ya moto, paka chokaa, nyunyiza majivu, na urudie baada ya siku 7, maana mdudu huyu huzaana upesi. Na penye siafu, miguu ya kizimba isimamishwe ndani ya makopo yenye mafuta machafu, kwa kuwa siafu wakiingia usiku, kuku aliyefungiwa hana njia ya kutoka.

Huenda kizimba ni kizuri, na wanaokataa ni wadogo tu. Hapo sababu ni wakubwa zao. Kuku wana daraja zao, nani amdonoe nani, na Mnorwei mmoja, Thorleif Schjelderup-Ebbe, alizieleza katika maandishi yake ya mwaka 1922 baada ya kuwatazama kuku kwa miaka mingi. Tembe mkuu husimama mlangoni, na kila mtetea mgeni apitaye hupata donoo la kichwa. Kabla ya kuwachanganya, watenge kwa wavu wa waya wiki moja au mbili, waonane bila kugusana. Kisha waingize wadogo kwanza, nao wakubwa wawakute tayari wamekwisha kaa. Fito iwe ndefu ya kutosha wote, na kama waweza, toboa mlango wa pili.

Liko jambo la jirani, ambalo hatupendi kulipita. Kuku asiye na malezi hulala popote, na popote huwa pengine ni kwa jirani. Huchafua baraza lake, hutaga katika kuni zake, na mwisho huanza maneno yasiyokwisha juu ya yai. Ikiwa kuku wa mwenzako ameingia kizimbani mwako jioni, mpe hifadhi ya usiku huo na asubuhi upeleke habari. Si wako yeye, wala yai lake si lako. Na ikiwa wako ndiye aliyekwenda, bisha hodi ukaombe ruhusa, usipande mwembe wa mtu usiku kwa tochi ukisema unamfuata kuku. Kisha umfungie tena siku 5 kama mgeni, kwa kuwa kwa usiku kadhaa aliolala kule, ameanza kupajua kule kuwa ndiko kwao.

Vivyo hivyo ukikihamisha kizimba. Wengi hukihamisha kutoka upande huu wa ua mpaka ule, halafu hushangaa jioni kuwaona kuku wamekusanyika mahali patupu palipokuwa na kizimba jana. Kuku hakukariri mbao na makuti, alikariri mahali. Ama usogeze hatua chache kila siku, ama uwafungie upya.

Kazi ya kufunga yafaa apewe mtoto mmoja, wa miaka 8 au 9, asiwe huyu leo na yule kesho. Mfunze kuhesabu mara mbili, wakiingia, na tena wakishatulia juu ya fito. Lakini wazazi tuwe na hadhari hapa. Mtoto akileta habari kuwa kuku mmoja hayumo, akapigwa kwa habari hiyo, kesho hatakosa kusema kuwa wote wamo. Utakuwa umempoteza kuku, na ukweli wa mwanao pia, kwa thamani ya kuku mmoja. Mshike mkono, chukueni taa, mwende mkatafute pamoja. Mara nyingi yuko karibu, nyuma ya kinu au chini ya mkokoteni.

Mitetea wakifika miezi mitano au sita na vilemba vyao kuwa vyekundu, wakaribia kutaga, na hapo usiwafungulie alfajiri kama zamani. Wape chakula na maji humo humo mpaka saa 3 au 4 asubuhi, ili mayai ya kwanza yatagwe kizimbani, maana aliyetaga yai lake la kwanza kichakani atarudi kichakani. Viota viwekwe chini kuliko fito, kwa sababu kuku hupenda kulala mahali pa juu kabisa apaonapo. Kiota kikiwa juu atalala ndani yake, na asubuhi utakuta mayai yamechafuka.

Mwezi ujao, Inshaallah, tutaeleza habari za kuatamia, na namna ya kuyajua mayai yasiyo na mbegu.